Maji ya Njiani

Mwezi huu twataka kuwaletea habari ya maji. Si maji ya nyumbani, maana karibu kila nyumba imekwisha kufundishwa namna ya kuyatunza, bali maji ya njiani: yale tunywayo tukiwa safarini, ufukoni, katika kambi za wavuvi, shambani na kwenye matanga. Sisi wenyewe tulikosa katika jambo hili. Kosa letu lilikaribia kutuondolea mtoto, tena lilimvunjia heshima mtu asiye na hatia. Kwa hiyo hatuandiki kama watu wajuao kupita wengine. Twaandika kama watu walio na deni la kulipa.

Sisi twakaa Ujiji. Akaaye Ujiji huamka akaliona ziwa, na jioni hulitazama tena jua likitua nyuma ya milima ya Kongo. Ziwa Tanganyika ni kubwa ajabu. Urefu wake ni karibu kilomita 670, na kina chake chafika mita 1,470. Katika dunia nzima ni ziwa moja tu, Baikal la Urusi, lilipitalo kwa kina. Mbali na midomo ya mito maji yake ni maangavu, hata mtu akiinama mtumbwini huyaona mawe ya chini na samaki wakipita kati yake. Ndiyo sababu sisi watu wa pwani hii twaliamini mno. Latupa dagaa na migebuka, latufikisha kwa ndugu zetu, twaoga humo, twafua humo, na tukiona kiu twachota tukanywa.

Nyumbani kwetu palikuwa na sheria. Maji ya kunywa huchemshwa jioni, hufunikwa, na huchotwa kwa kata yenye mpini mrefu, wala hakuna mkono uingiao ndani ya mtungi. Watoto waliijua sheria hiyo kama wajuavyo majina yao. Nasi tulijisifu kidogo moyoni, kwa kuwa mmoja wetu ni mwalimu, na majirani walikuwa wakija kutuuliza habari za mambo kama hayo. Lakini sheria yetu ilikuwa na upungufu ambao hatukuuona: ilikuwa sheria ya nyumba tu, haikuwa sheria ya safari.

Mwezi wa Agosti mwaka 2014 tuliletewa habari ya msiba. Kaka yake mama wa watoto wetu alikuwa amefariki katika kijiji kimoja cha kaskazini, ng'ambo ya milima ya Gombe. Tukafunga safari watu wanne, sisi wazazi wawili, binti yetu wa miaka sita na kaka yake wa miaka kumi na mmoja. Tukaenda Kibirizi, mahali zinapopakia boti za kaskazini, tukapanda pamoja na magunia ya unga wa muhogo, madumu ya mawese na abiria wengi. Tulikuwa tumechukua chupa mbili za maji yaliyochemshwa. Boti ilikawia kuondoka, jua lilikuwa kali, na kabla hatujaifikia Gombe chupa zote mbili zilikuwa tupu.

Boti ikatia nanga katika kijiji cha njiani ili kushusha mizigo, na binti yetu akalia kiu. Palikuwa na kopo ndani ya boti, lile litumiwalo kukumba maji yaingiayo chini. Kijana mmoja wa boti akalisuuza, akachota ubavuni, akatuletea. Maji yalikuwa maangavu kama kioo. Akasema kwa wema, "Shika, Mwalimu, usiogope. Sisi tumeyanywa haya tangu utoto wetu." Tukatazamana. Abiria nao walikuwa wakitutazama. Tukaona haya kukataa mbele za watu, tusije tukadhaniwa kuwa wenye majivuno. Tukampa mtoto akanywa, nasi wawili tukanywa. Kaka yake alikuwa amelala juu ya magunia, hakunywa.

Hatua chache kutoka pale tulipochota, wanawake walikuwa wakifua. Juu kidogo ya ukingo palikuwa na vichaka, na karibu kila mtu aliyeshuka kwa haja alivielekea, kwa sababu choo cha karibu hakikuwapo. Mambo haya yote tuliyaona kwa macho, wala hatukuyafikiri.

Tulifika jioni. Mjane akatupokea kwa machozi na kwa ukarimu, kama ilivyo desturi. Ijapokuwa nyumba ilijaa waombolezaji, alituletea maji ya kunywa kabla hatujaketi vizuri. Siku hiyo hatukuangalia yametoka wapi. Baadaye tuliona: mtungi uliofunikwa kwa sahani, kata iliyotundikwa ukutani, na nje chungu kikubwa juu ya mafiga, ambacho binti zake walikichemsha asubuhi na jioni kwa ajili ya wageni wote. Mwanamke yule alikuwa katika huzuni kuu, lakini alikumbuka lile tulilolisahau sisi.

Usiku wa pili binti yetu alianza kuhara na kutapika. Kabla ya alfajiri macho yake yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, na tukiifinya ngozi ya tumbo lake ilikawia kurudi. Mama yake naye aliumwa tumbo, ila si sana. Zahanati ilikuwa mbali kidogo na giza lilikuwa nene. Hapo mjane akainuka kutoka katika mkeka wa matanga, akaleta maji yake yaliyochemshwa, akapima lita moja, akatia vijiko sita vidogo vya sukari, vya kusawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, akakoroga hata vikayeyuka. Akaketi na mtoto, akimnywesha kijiko baada ya kijiko. Mtoto alipotapika, alingoja kidogo, kisha akaanza tena. Alifanya hivyo mpaka kukakucha, tukambeba mtoto kwenda zahanati, naye akaendelea kutibiwa. Siku ya tatu aliomba ugali na dagaa, nasi tukalia kwa furaha.

Wasomaji wetu, hapa ndipo penye aibu yetu. Watu walianza kunong'ona. Mtoto mgeni amelala katika nyumba ya marehemu, siku ya pili ameugua karibu kufa; je, amelishwa nini? Nyumba ile ina neno gani, ambayo mwenye nyumba amekufa na sasa mtoto yu karibu kumfuata? Maneno hayo yalitufikia masikioni. Tungaliweza kuyazima kwa sentensi moja: "Tulikunywa maji ya ziwa kwa kopo la boti, na mtoto tukampa." Lakini tulikuwa walimu wa kuchemsha maji, tukaona haya. Tulipoulizwa tulijibu kwamba Mungu ndiye ajuaye. Jibu hilo lilisikika kuwa jema, lakini tulilitumia kuficha yale tuliyoyajua sisi wenyewe. Tukaaga, tukarudi Ujiji.

Mjane yule alikuwa akijipatia riziki kwa kuwauzia wavuvi chai, maandazi na wali ufukoni. Baada ya miezi michache tulisikia kwamba wateja wengi wamemwacha. Tulihuzunika, tukamtumia fedha kidogo, tukanyamaza.

Ukafika mwezi wa Mei mwaka 2015. Machafuko ya Burundi yaliwakimbiza watu wengi, na makumi ya maelfu yao wakakusanyika Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho karibu na mpaka. Pale pana ukanda mwembamba tu wa nchi kati ya mlima na ziwa, na njia iliyo rahisi ya kutokea ni majini. Watu walikuwa wengi kupita kiasi, vyoo vilikuwa vichache, na ziwa lilikuwa mbele yao. Wakanywa maji yale yale ambayo uchafu ulikuwa ukiingia. Kipindupindu kikazuka. Maelfu waliugua, na watu zaidi ya 30 wakafariki, wengi wao wakimbizi. Meli Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kushushwa majini Kigoma mwaka 1915, ilikwenda na kurudi ikiwachukua watu kama 600 kwa safari moja. Walipofika Kigoma walipokelewa katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, na kutoka huko wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu.

Nasi tulikuwa miongoni mwa watu wa mji waliokwenda kusaidia kubeba ndoo na kugawa uji. Tulimsikia mwuguzi mmoja akiwauliza wagonjwa, na swali lake lilikuwa lile lile kwa kila mtu: "Ulikunywa maji wapi, na lini?" Hakumwuliza mtu ni nani aliyempa chakula, wala ni nani anayemchukia. Mama mmoja alikuwa amempakata mtoto wa umri wa binti yetu, macho yameingia ndani vile vile. Usiku ule hatukulala. Tukajiuliza swali la mwuguzi.

Tukahesabu. Waliokunywa kwa kopo la boti katika nyumba yetu walikuwa watatu, na wawili kati yao waliugua. Mwana wetu alikula na kunywa kila kitu katika nyumba ya mjane, lakini kopo hakulionja, naye hakuumwa hata kidogo. Waombolezaji walikuwa wengi, wote wakinywa katika mtungi ule ule, wala hatukusikia kwamba mmoja wao ameugua. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la pili angaliiweza. Mganga mmoja wa London, John Snow, alifanya hesabu ya namna hiyo mwaka 1854, kipindupindu kilipowaua watu wengi katika mtaa mmoja. Alitafuta kila aliyekufa alikuwa akiteka maji wapi, akaona ya kuwa wengi wao walitumia pampu moja, na mpini wa pampu ile ukaondolewa. Hapo watu wengi walikuwa bado wakidhani kwamba ugonjwa huletwa na hewa mbaya. Kijidudu chenyewe kilikuja kuelezwa na Robert Koch, mganga wa Kijerumani, katika miaka ya 1883 na 1884 alipokichunguza Misri na India. Sisi tulikuwa na elimu hii yote vitabuni mwetu, na bado tukawaacha watu wamdhanie mwanamke mjane kuwa ni mchawi.

Mwezi wa Julai mwaka ule tulirudi kijijini. Safari hii tulichukua dumu zima la maji yaliyochemshwa. Tukawaomba wazee wakutane, mjane naye akaitwa, na mbele yao wote tukaeleza habari ya kopo tangu mwanzo hata mwisho, bila kupunguza neno. Watu walikuwa kimya. Kisha mjane akasema, "Wifi, na wewe shemeji, mimi nilijua. Usiku ule nilimwuliza mtoto, akanieleza habari ya boti na kopo."

Tukamwuliza, "Basi mbona ulinyamaza?"

Akajibu, "Ninyi mlikuwa wageni wangu, tena ni walimu. Ningewaaibishaje mbele ya watu, katika msiba wa mume wangu? Nilingoja mseme wenyewe."

Tulitaka kumpa fedha, akazikataa. Akasema, "Kama mnataka kulipa, wafundisheni watu wa boti na wavuvi. Mtoto wenu alipona kwa kuwa palikuwa na mtungi karibu. Huko ziwani hakuna mtungi." Baadhi ya wateja wake walirudi tangu siku ile, na wengine hawakurudi kamwe. Neno likishatoka ni kama maji yaliyomwagika, hayazoleki.

Basi deni lile ndilo tunalolilipa hata leo, na makala hii ni sehemu yake. Jioni ile tuliketi mchangani pamoja na wavuvi wakiandaa nyavu na taa za dagaa, tukaanza kusema. Mzee mmoja, mvuvi tangu ujana wake, akatukatiza kwa heshima. "Bwana Mwalimu, maji ya ukingoni twajua ni machafu. Lakini sisi twachota kilindini, huko hakuna mtu."

Neno lake lilikuwa na kweli ndani yake. Maji ya kilindini ni afadhali kuliko ya ukingoni, ambako mvua huteremsha uchafu wa vijiji na mito huleta tope. Lakini afadhali si salama. Wavuvi hukaa usiku kucha majini na haja zao huzimaliza ubavuni mwa chombo. Kopo lao limeshika matope ya chini ya mtumbwi na mikono iliyoshika kila kitu. Tena kijidudu cha kipindupindu chaweza kuishi katika maji yenyewe, kikijishika kwenye wadudu wadogo mno waeleao humo. Macho hayakioni, na maji hubaki maangavu vile vile.

Mzee akauliza tena, "Haya, tuchemshe. Moto tutauwasha wapi, juu ya maji?" Watu wakacheka, nasi tukacheka, kwa kuwa swali lilikuwa la haki. Kumwambia mtu achemshe maji bila kumwonyesha atakapopata moto, kuni na nafasi ni kumtwisha mzigo tu. Tukashauriana nao jambo moja baada ya jingine, na haya ndiyo tuliyokubaliana. Tumeyajaribu tangu hapo, nasi twawapa ninyi kama tulivyoyatumia.

Jambo la kwanza ni kuchagua mahali pa kuchotea. Usichote karibu na wanaofua, wala penye vyombo vilivyofungwa, wala karibu na mdomo wa mto. Chombo cha kuchotea kiwe cha kazi hiyo tu; kopo la kukumbia maji lisiguse kinywa cha mtu.

La pili ni kuyasafisha macho ya maji, yaani tope lake. Maji ya Luiche na ya Malagarasi wakati wa masika huwa mekundu. Yaache yatulie katika ndoo mpaka tope lishuke, kisha mimina yale ya juu polepole, uyachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Shabu na mbegu za mlonge zilizotwangwa husaidia kushusha tope upesi. Katika vijiji vya Bangladesh wataalamu waliwafundisha akina mama kuchuja maji kwa nguo kuukuu ya sari iliyokunjwa namna hiyo, na kipindupindu kikapungua karibu nusu, kwa kuwa wale wadudu waeleao hunaswa na nguo pamoja na vijidudu wanaovichukua. Lakini angalieni: nusu nyingine ilibaki. Kitambaa, shabu na mlonge huyatengeneza maji, hayavimalizi vijidudu. Maji yaliyochujwa bado ni mabichi.

La tatu ni kuchemsha, nako ndiko kuliko imara kupita njia zote. Wengine hudhani kwamba maji lazima yachemke nusu saa, wakaikimbia kazi kwa ajili ya kuni. Sivyo. Yakitokota kwa mapovu makubwa juu pote, hesabu dakika moja, yatosha. Katika nchi za juu sana, zilizopita mita 2,000, hesabu tatu. Lakini ziwa letu liko mita 770 hivi tu juu ya bahari. Kisha yaache yapoe katika chombo kile kile kikiwa kimefunikwa. Wavuvi walikubali kuchemsha jioni, mara baada ya kusonga ugali wa kuondokea, moto ungali unawaka, na kuchukua maji ndani ya dumu lenye kifuniko. Kila mmoja akileta kipande cha ukuni, hakuna aliyeona uzito. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Walalamikao kwamba maji yaliyochemshwa hayana ladha, wayamimine mara kadhaa kutoka chombo safi kwenda chombo safi. Yakipata hewa hurudiwa na utamu wake.

La nne ni jua, ambalo Kigoma wakati wa kiangazi si haba. Chukua chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, ijaze maji maangavu, ifunge, uilaze juani kwa saa sita. Siku za mawingu mengi, iache siku mbili nzima. Kama hujui maji ni maangavu ya kutosha, isimamishe chupa juu ya gazeti hili na utazame kutoka juu kupitia maji. Usipoweza kuyasoma maandishi makubwa, yachuje kwanza. Mzee yule aliipenda njia hii kuliko zote. Alisema kwamba jua likaushalo dagaa wake mchangani halitamdai malipo kwa kukausha na vijidudu.

La tano ni dawa ya klorini, ya vidonge au ya maji. Fuata kipimo kilichoandikwa juu yake, usiongeze wala usipunguze, kisha ngoja nusu saa nzima kabla ya kunywa. Hapa kwetu tusiifupishe nusu saa hiyo, kwa maana maji ya Tanganyika yana asili ya magadi, na katika maji ya namna hiyo klorini hufanya kazi yake polepole zaidi. Katika maji yenye tope nguvu zake hupotea. Kwa hiyo chujeni kwanza.

La sita ni kuyatunza. Maji yaliyosalimika yaweza kuharibiwa na mkono mmoja. Yakae katika chombo chenye mdomo mwembamba au kifuniko, yamiminwe, yasichovywe. Na mtu anawe mikono kwa sabuni atokapo chooni na kabla ya kula. Penye ufuko usio na choo, shimo lichimbwe mbali na maji na lifukiwe.

Twaongeza neno moja, tusije tukachanganya mambo. Kichocho njia yake ni nyingine, kwa maana mdudu wake huingia kwa ngozi tuogapo au tusimamapo ndani ya maji matulivu yenye majani na konokono. Achemshaye maji ya kunywa amefanya vema, lakini asidhani kwamba amejikinga na kichocho.

Sasa twarudi kwenye haya, kwa kuwa ndiyo iliyotushinda sisi, wala si ujinga. Katika nchi yetu maji ni heshima ya kwanza ya mgeni, na kuyakataa ni kama kumkataa mwenyeji. Wengi wetu twajua yaliyo sawa, lakini tukipewa kopo mbele za watu twalinyweshea hata watoto wetu. Tufanyeje? Sisi tumeona njia mbili. Ya kwanza, twabeba maji yetu ya kutosha na ya kugawa, siyo chupa mbili za kujificha nazo. Mwenye dumu huwanywesha majirani zake botini, wala hakuna amwitaye mwenye majivuno. Ya pili, tukipewa maji tusiyoyajua, twasema wazi kwa upole, "Ahsante sana, tumbo langu limezoea yaliyochemshwa," na twaomba chai. Hakuna mwenyeji wa pwani hii aliyekwisha kutukasirikia kwa kuomba chai, nayo maji yake yametokota.

Na ninyi walimu, mkiwapeleka watoto matembezini, ama kambini, ama kwenye mashindano ya mpira ng'ambo ya mlima, hesabuni maji kabla ya kuhesabu mipira. Mtoto afundishwe kwamba sheria ya maji haikai nyumbani mtu akisafiri. Yafungwa pamoja na mzigo.

Binti yetu sasa ni msichana mkubwa. Kila mwaka huenda kukaa kwa mke wa mjomba wake siku chache za likizo, naye ndiye achemshaye chungu cha ufukoni kabla ya wavuvi kuondoka. Kopo lile la boti hatujui liliishia wapi. Lakini katika boti ile, mara ya mwisho tuliyoipanda, tuliona dumu jeupe limefungwa kwa kamba penye kivuli, na kikombe chake kimeninginizwa juu. Kijana aliyetupokea alisema, "Karibu, Mwalimu, haya yamechemshwa." Tukanywa, tukamshukuru, tukaendelea na safari.